Bandari Isiyo na Bahari

Jumanne, 12 Novemba 2024

Jana usiku kibanda umiza kilionyesha Waterworld, ile ya Kevin Costner ya mwaka 1995. Barafu imeyeyuka, nchi kavu imebaki hadithi. Dereva wa lori la Kigali akageuka: "Kaka, meli zikifika Isaka, sisi wa malori tutakula wapi?" Kibanda kizima kikacheka. Mimi nikapata hadithi ya kuandika: bandari kavu yetu hapa Isaka inapata bahari, na makontena yanashushwa kutoka melini badala ya kwenye mabehewa.

Alhamisi, 14 Novemba

Hesabu zinagoma. Barafu yote ya Antaktika, Greenland na kwingineko ikiyeyuka, bahari inapanda karibu mita 70. Hapo Kilwa, Bagamoyo na sehemu kubwa ya Dar zimekwenda, lakini hata Morogoro haifikiwi, sembuse Isaka iliyo zaidi ya mita elfu moja juu. Na kuzamisha nchi kavu yote, hadi Everest, kunataka maji ya ziada yanayozidi mara tatu yale yote yaliyomo baharini leo.

Yatoke wapi? Mwaka 2014 watafiti walieleza chembe ya madini ya ringwuditi iliyonaswa ndani ya almasi ya Brazili, iliyotoka kina cha zaidi ya kilomita 400. Chembe ile ina maji, ila yamefungwa ndani ya jiwe lenyewe. Hakuna ziwa huko chini la kufunguliwa kama bomba. Inasikitisha, maana Mwadui ipo jirani na nilishaanza kuupenda mgodi wa almasi unaobubujika.

(Wanuri Kahiu, katika filamu yake Pumzi ya 2009, aliwaza kinyume: Afrika Mashariki iliyokauka. Mkazi wa Shinyanga aliyeteka maji kabla ya bomba la maji la Ihelele hakuhitaji filamu.)

Jumapili, 17 Novemba

Nilikuwa navuta kamba upande usio wake. Tatizo si uchache wa maji, ni urefu wa milima. Sawazisha uso wa dunia, mabonde na vilele, na maji haya haya tuliyo nayo yatasimama kina cha kilomita mbili na nusu hivi kila mahali. Sayari ya maji inahitaji mabara machache tu, na dunia changa haikuwa na mabara makubwa kama haya. Mwaka 2020 Benjamin Johnson na Boswell Wing walipima oksijeni iliyomo katika miamba ya Australia ya miaka bilioni 3.2, wakaona huenda wakati huo nchi kavu ilikuwa kidogo sana.

Jumatano, 20 Novemba

Mchimbaji mdogo aliyeshuka kutoka Geita alinionyesha jiwe la duarani kwao, yaani shimo wanamochimba, lina michirizi ya chuma. Chuma kile kilitua chini ya bahari zaidi ya miaka bilioni 2.6 iliyopita. Katika ukanda wa dhahabu wa Geita ipo lava iliyoganda kwa umbo la mito ya kulalia, na lava huganda hivyo ikimwagikia majini. Basi bahari ya kweli ilishapita Usukumani, na hadithi yangu naihamishia huko nyuma. Ila hewa ya enzi hizo haikuwa na oksijeni ya kuvuta. Nahodha wa meli yangu atabeba mitungi ya hewa, na chakula cha safari nzima, kwa sababu majini humo hamna samaki hata mmoja, ni vijidudu tu.