Kanda za Vikokotoni

Ukiipa mgongo marikiti ya Darajani ukavuka barabara kuingia Vikokotoni, harufu zilikuwa zikikupokea kwa zamu: samaki kwanza, halafu udi kutoka dirisha la nyumba ya pembeni, halafu ukwaju wa urojo uliokuwa ukichemka kwa bibi wa barazani. Twende mbele kidogo, tuingie kichochoroni. Shika ukuta, mtaro wa hapa hauna kifuniko. Pale penye pazia la kijani na lundo la kandambili mlangoni ndipo penyewe. Ni 1992, skuli zimetoka, na ndani tumebanana hadi jasho la mmoja limekuwa la wote.

Vua viatu. Sakafu imetandikwa mkeka wa ukindu uliochanika katikati, na kila mtoto anajua asikae pale, maana ukili uliokatika unachoma mapaja. Mbele, juu ya meza ya cherehani isiyo na cherehani, iko televisheni ya chogo yenye ubavu wa mbao, imefunikwa kitambaa cha fuma alichokifuma mke wa mwenye nyumba. Chogo limepata moto. Vumbi lililolala juu yake linaungua polepole na kutoa harufu ambayo hadi leo nikiikuta kwa fundi wa redio husimama kwanza.

Mwenye nyumba tukimwita Ami, ingawa hakuwa na udugu na mtoto yeyote mle ndani. Alikuwa na kofia ya viua, kikombe cha kahawa kisichokauka, na saa ya kuamshia yenye kengele mbili kichwani. Ukitia shilingi 20 kwenye kopo la NIDO, ile sarafu ya pande saba yenye tembo na mwanawe, Ami aliizungusha saa. Ikilia, zamu yako imekwisha, hata kama bosi wa mwisho yuko mbele yako anakusubiri. Hakuwa mkali. Asiyekuwa na sarafu alikaa bure akatazama, na kutazama nako kulikuwa kucheza: tulielekeza, tuliguna, tuliruka mabega pamoja na Mario.

Unguja ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara ilisubiri hadi 1994, na ndiyo sababu machogo yalikuwamo hata katika nyumba za kawaida za mtaa wetu. Lakini matangazo yalianza jioni. Mchana kioo kilikaa bila kazi, mpaka nduguye Ami aliyekuwa Maskati alipoleta sanduku lile lililokuwa limezungushiwa kamba. Ndani mlikuwa na mashine ya plastiki nyeupe na nyekundu, pedi mbili za waya mfupi, bunduki moja, na kanda zilizofungwa kwa gazeti la Kiarabu. Plastiki mpya ina harufu yake, tamu kidogo, na chumba kizima kilinukia hivyo kwa muda kabla ya jasho letu kuishinda.

Nilikuja kujua ukubwani kwamba mashine ile ilikuwa nakala, imetengenezwa Taiwan kwa kuiga Family Computer ya Nintendo, iliyoanza kuuzwa Japani mwezi wa Julai 1983 kwa yeni 14,800. Wakati ule hatukujua asili wala nakala. Ilikuwa gemu ya Ami, basi.

Kanda zilikuwa za rangi: njano, buluu, chungwa. Picha za juu zilikuwa zimeshabanduka kwa vidole vyetu, kwa hiyo mke wa Ami aliziandika nambari kwa rangi ya kucha. Moja ilikuwa Super Mario Bros. Mbili ilikuwa Battle City, vifaru vinavyomlinda ndege aliyejengewa ukuta wa matofali. Tatu ilikuwa Circus Charlie, na dada zetu waliishinda mara nyingi kuliko sisi, kwa kuwa hawakuwa na pupa. Kanda ikigoma, Ami aliichomoa, akaipuliza tumboni, akairudisha taratibu akiwa amekaza midomo. Nintendo wenyewe walionya watu wasipulize, kwa kuwa pumzi ina unyevu na unyevu unakula shaba. Kwetu bahari ilikuwa jirani, na shaba ililiwa hata bila ya kupulizwa.

Kanda ya nne ilikuwa Contra ya Konami. Hapo watoto wa Malindi walikuja, wa Kikwajuni walikuja, na mlango haukufungika. Watu wawili, bunduki begani, msituni, roho tatu tatu. Roho zako zikiisha unaazima kwa mwenzio, na urafiki wa mtaani kwetu ulipimwa hapo kuliko mahali pengine popote. Halafu siku moja akaja mvulana mmoja mwembamba, akaomba pedi kabla mchezo haujaanza, na vidole vyake vikapita: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Zikatoka roho 30. Alikuwa ameambiwa na kaka yake aliyekuwa Dubai. Ami mwenyewe aliweka kikombe chini. Siri ile ilitungwa na Mjapani aitwaye Kazuhisa Hashimoto, aliyeona kazi kuumaliza mchezo wa Gradius alipokuwa akiutayarisha mwaka 1986, akajitengenezea njia ya mkato. Alifariki mwaka 2020. Nilipoisoma habari ile nilimwombea, na naamini wengi wa rika langu walifanya hivyo.

Na bunduki. Duck Hunt ndiyo iliyowaingiza hata watu wazima: mchuuzi wa mabungo, fundi baiskeli, mara moja hata mwalimu wetu wa chuoni, aliyelenga kwa jicho moja akamkosa bata, akasema Alhamdulillah, bata ameokoka. Nilikuwa nikijiuliza bunduki inamjuaje bata. Ukivuta kifyatulio kioo kinakuwa cheusi kwa muda usioonekana, kisha mahali alipo bata panang'aa peupe, na jicho lililomo mtutuni linaupokea ule mwanga. Kazi hiyo inahitaji chogo. Kwenye televisheni bapa za leo mwanga unachelewa, na bata hafi hata ukimgusa kwa mtutu.

Umeme ukikatika tulilia kwa sauti moja. Adhana ya Maghribi ikipaa kutoka msikiti wa jirani, Ami alizima, hata kama saa haijalia, na tuliokuwa tukidai dakika tuliandikiwa kwa chaki nyuma ya mlango. Ramadhani alifungua baada ya tarawehe. Hizo ndizo nyakati ninazozipenda kuzirudia: pazia limepandishwa, upepo wa bahari unapita, sahani ya visheti inatembea mkono kwa mkono, na vidole vyenye shira vinaombwa vifutwe kwanza kabla ya kushika pedi.

Mashine za diski zilipofika mjini, watoto walihama. Ami hakuwafuata. Alipofariki, binti yake aliniita nyumbani akanipa sanduku, lile lile la kamba, akasema baba yake alikuwa akinitaja. Mashine ilikuwepo, bunduki ilikuwepo. Kanda ya pili haikuwepo. Nikaanza kuitafuta, na hapo ndipo nilipokutana na bei.

Mwanzoni bei ilikuwa nyepesi. Mlandege zilikuwepo kanda zilizotupwa kwenye makasha pamoja na nyaya na rimoti zisizo na wenyewe, na muuzaji alikuongezea moja bure ili apunguze takataka. Kazi iliponipeleka Tokyo mara ya kwanza nilikwenda Akihabara, kwenye duka la Super Potato, nikapanda ngazi nyembamba zenye picha ukutani, na kabla sijafika juu nilisikia muziki wa Mario. Magoti yaliniishia. Rafu zilijaa hadi dari, kanda zimesimama kwa rangi zake, njano, buluu, chungwa, na harufu ilikuwa ile ile ya sanduku la Maskati. Kanda za kawaida zilikuwa za bei ya chakula cha mchana. Niliinunua Battle City iliyoandikwa kwa wino mweusi mgongoni. Mwenyeji wangu alinisomea: jina la mtoto. Watoto wa kule waliandika majina yao ili kanda zisipotee kwa marafiki, na wauzaji huzishusha bei zilizoandikwa. Mimi ningeilipia zaidi. Nilipofika nyumbani niliichomeka kwenye mashine ya Ami na meno yake 60 yakakaa barabara, na yule ndege akatokea na matofali yake.

Nilipokwenda tena, yeni ilikuwa imeanguka na wageni walikuwa wamejaa ngazini na masanduku ya magurudumu. Rafu zilikuwa na mapengo. Vitu vilivyokuwa wazi vimeingia nyuma ya kioo chenye kufuli. Nilisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, mikono mifukoni, nikiangalia kanda ambazo miaka ile zingepita katika mikono yetu yote kabla ya Maghribi.

Naielewa bei inavyopanda. Waliokuwa watoto sasa wana mishahara. Mwaka 2020 watu walifungiwa majumbani, wakakumbuka. Kanda haziongezeki, chuma kinaoza, betri ndogo zinazohifadhi michezo ndani ya baadhi yake zinakufa. Little Samson ya Taito, iliyotoka 1992 ikauzwa kidogo, leo inapita dola 1,000 bila hata boksi. Utafiti wa Video Game History Foundation wa mwaka 2023 ulionesha kwamba asilimia 87 ya michezo ya zamani iliyotoka Marekani haiuzwi tena kwa njia yoyote rasmi, kwa hiyo anayeitaka kihalali hana budi kumwendea mwenye kanda. Haya yote nayakubali. Linaloniuma ni jingine: mwaka 2021, kwenye mnada wa Heritage, Super Mario 64 moja iliuzwa kwa dola 1,560,000 kwa sababu haijawahi kufunguliwa. Imo ndani ya nailoni yake ya dukani na juu yake kasha la plastiki ngumu. Hakuna mtoto aliyeigusa. Namwonea huruma Mario yule, na nasema kweli.

Sasa hata nakala zetu zinatafutwa. Juzi kaka yangu, mtoto wa ami yangu wa damu aliyeko Maskati, alinipigia. Kuna mtu kule anakusanya mashine zile za Taiwan, anazitaka na masanduku yake, na bei aliyoitaja inapita mshahara wangu wa mwezi. Nilimwuliza kama mtu huyo ana chogo. Akasema hana, anaziweka kwenye kabati zenye taa. Mimi chogo ninalo, nililiokota Mwembetanga likiwa njiani kutupwa, na Ijumaa baada ya sala wanangu na watoto wa jirani wanagombania bunduki mbele yake.

"Mwambie haiuzwi," nilimjibu, "lakini akija Unguja na afike, acheze mpaka achoke. Na wewe, kaka, ukiona pedi ya pili huko ninunulie. Ya kwetu kitufe cha B kimekufa, na Contra haichezeki mtu mmoja."