Kutoka Bukavu mpaka Uvira: njia ya maziwa mawili

Wengi wetu tunaijua barabara ya Uvira kwa sababu ya harusi, matanga na biashara. Tunapanda gari mapema, tunawaza bei ya unga na mtoto tuliyemwacha na homa, na milima inapita pembeni bila kutazamwa. Juma hili tuitazame pamoja.

Ziwa Kivu liko mita karibu 1460 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika liko chini yake kwa mita karibu 700. Kinachoyaunganisha ni mto Ruzizi. Unatoka Kivu hapa hapa Bukavu, unapita kati yetu na Rwanda, kisha kati yetu na Burundi, mpaka Tanganyika. Zamani sana, maji ya Kivu yalielekea kaskazini. Volkano za Virunga zilipoziba njia, ziwa likajaa, likapata mlango upande wa kusini. Huo ndio Ruzizi.

Sehemu ya kwanza ya mto ni bonde jembamba, maji yanaruka juu ya mawe na kutoa povu jeupe. Nguvu hiyo ndiyo inayotupa umeme. Baraji ya Ruzizi ya kwanza ilijengwa enzi za Wabelgiji. Ya pili, ya mwaka 1989, ni ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi.

Ukipita Nyangezi, unafika mteremko wa Ngomo. Hapo mazungumzo ndani ya gari hukoma. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande mwingine ni shimo, na kona zinafuatana. Kamyo mbili zikikutana, moja inalazimika kurudi nyuma. Mvua ikinyesha, udongo unateremka barabarani. Ndiyo maana wengi wenye karatasi za mpaka wanapitia Rwanda, kwa njia ya Bugarama, na kuingia tena Kongo hapo Kamanyola.

Kamanyola joto linakupokea. Watoto wanavua sweta, na mbele yako tambarare ya Ruzizi inafunguka: mihogo, mahindi, mpunga wa Luvungi, na mbele zaidi miwa ya Kiliba.

Katikati kuna Sange. Tukifika pale, tuwaeleze watoto wetu. Tarehe 2 Julai 2010 gari la mafuta lilipinduka usiku. Watu wakakimbilia kuchota mafuta yaliyomwagika. Wengine walikuwa karibu, wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukawaka. Walikufa zaidi ya watu 230, watoto na wamama wakiwemo. Somo ni moja: gari la mafuta likianguka, mshike mtoto mkono, mwende mbali. Hakuna bidoni yenye thamani ya mtoto.

Halafu Uvira. Milima imesimama nyuma ya mji, na mbele ni Tanganyika, ziwa la pili duniani kwa kina: mita 1470. Sokoni kuna ndakala na mikeke. Lakini mito inayoshuka kutoka milima hiyo hukasirika. Mwezi wa nne 2020 Mulongwe ulifurika, ukabeba nyumba na watu. Mlima usio na miti haushiki maji, na miti hiyo tunaikata kwa ajili ya makala ya kupikia sisi wenyewe. Vikundi vyetu vikipanda miti na kutumia mbabula inayokula makala kidogo, tunalinda nyumba za dada zetu wa kule chini.

Kwa mama anayesafiri na watoto:
- Toka asubuhi. Ngomo isipitwe usiku wala mvua ikinyesha.
- Shofere akikimbiza gari, mwambieni kwa pamoja. Sauti ya mama mmoja anaweza kuidharau, ya wamama sita hapana.
- Kwenye mteremko masikio yanaziba: mpe mdogo ziwa, mkubwa ameze mate.
- Beba maji yaliyochemshwa. Kolera hurudi Uvira mara kwa mara. Maji ya ziwa yasinywewe hivi hivi, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kula.
- Anayetapika akae karibu na dirisha, ale kidogo kabla ya safari.

Mkifika salama, pigeni simu nyumbani. Kuna anayengojea.