Jini Hatishi, Simu ya Jumapili Ndio Hutisha

Wasee, wengi wenu mnanijua kwa sababu ya lile jini.

Kwa wageni: mwaka jana nilitengeneza video ya kutisha ya dakika tatu. Taa za korido ya ploti yetu zinazimika, mlango unalia kriii, halafu binamu yangu anatokea amejifunika shuka jeupe, amejipaka unga uso mzima. Niliiediti siku mbili bila kulala. Komenti ya kwanza ilikuwa, "Huyo jini analipa renti?" Ya pili, mtu anauliza kama huo ni unga wa chapati. Hadi leo nikisimama stejini naitwa Jini.

Nilicheka na ninyi, lakini iliniuma. Hii ndio kazi yangu, sina ingine. Nikajiuliza, mbona kuna episodi fulani nilizicheki kwa laptop ya rumeti wangu, mchana kweupe, sauti iko chini, na bado nikaogopa kwenda choo peke yangu? Na hizo si tamthilia za kutisha. Ni za kuchekesha, au za kusafiri angani. Wiki moja tu wanaamua kukutisha, wiki inayofuata wanaendelea na maisha kama hakuna kitu kilitendeka.

Nikazirudia moja moja na daftari mkononi. Mimi huyu ambaye darasani sikuwa naandika noti. Leo nawaambia nilichopata, na nilichofanya nacho, kwa sababu kuna kitu pia nimekuwa nikiwaficha.

Tuanze na "Midnight", episodi ya Doctor Who iliyoonyeshwa na BBC Juni 2008, ikaandikwa na Russell T Davies. Kama humjui Doctor, ni jamaa anayesafiri kwenye wakati na anga bila bunduki. Silaha yake ni mdomo. Akipata watu wanapiga kelele, ataongea mpaka wanyamaze wamsikilize. Sasa hapa amepanda gari la watalii kwenye sayari ambayo mwanga wa jua lake unaua chochote kilicho nje. Rafiki anayesafiri naye amebaki nyuma kupumzika. Gari linasimama katikati ya safari. Halafu kitu kinabisha hodi kutoka nje, mahali ambapo hakuna kiumbe anaweza kuishi.

Hicho kitu hatukioni. Kinamwingia abiria mmoja anayeitwa Sky, naye anaanza kurudia kila neno linalosemwa. Kwanza anarudia baada yako. Halafu anasema pamoja na wewe. Mwisho anasema kabla yako, na Doctor ndiye anabaki akirudia. Mtu wa mdomo amenyang'anywa mdomo. Na abiria wenzake, watu wa kawaida kabisa, baba na mama na kijana wao, profesa na msaidizi wake, wanakubaliana wamtupe nje. Anayewaokoa ni dada mhudumu, ambaye anamvuta Sky wanatoka wote wawili na kufa. Mwishoni Doctor anauliza huyo dada alikuwa anaitwa nani. Hakuna anayejua.

Mara ya kwanza nilidhani hofu iko kwa ile hodi. Nilipoirudia nikagundua kwamba ukimtoa Doctor umweke askari na bunduki yake, hodi itabaki lakini hofu itapungua sana. Inatisha kwa sababu tumemwona huyu mtu episodi nyingi akijiokoa kwa maneno. Tumezoea. Tunamngoja aongee, na hawezi.

Nikaandika kwa daftari: usimletee jini. Mnyang'anye kitu anachotegemea.

Nikajaribu hiyo sheria kwa episodi ingine, "Hush" ya Buffy the Vampire Slayer, iliyotoka Desemba 1999. Buffy ilikuwa inasifiwa kwa mazungumzo, wale vijana wana majibu ya haraka hata wakipigana na mashetani. Joss Whedon anafanya nini? Anaondoa sauti. Mji mzima unaamka hauwezi kuongea. Zaidi ya nusu ya episodi hakuna mazungumzo. Wanaume wenye suti na tabasamu la chuma wanaelea mitaani usiku wakikusanya mioyo ya watu, na ukishikwa huwezi kupiga nduru. Na dawa yao ni nini? Nduru. Kile kitu kilichoibwa ndicho kingekuokoa. Sheria yangu ikapita mtihani.

Halafu ikagonga mwamba. "Blink", Doctor Who ya 2007, ya Steven Moffat. Humo Doctor haonekani sana. Anayebeba hadithi ni msichana anayeitwa Sally Sparrow, ameigizwa na Carey Mulligan kabla hajawa staa, na hatujawahi kukutana naye. Hakuna mazoea yoyote ya kunyang'anya. Mtu ambaye hajawahi kuona Doctor Who anaicheki na anaogopa vilevile. Ilishinda hata tuzo ya Hugo mwaka 2008. Sasa?

Nilikaa na hiyo kama wiki. Wale malaika wa mawe wa "Blink" wanasonga tu wakati hakuna anayewaangalia. Ukiwakazia macho ni sanamu. Ukipepesa, wamekaribia. Na angalia vizuri: hata wakati hakuna mtu ndani ya chumba, bado hawasongi mbele yetu, kana kwamba macho yetu nyumbani pia yanahesabika. Kumbe aliyenyang'anywa ni mimi mtazamaji. Kupepesa macho, kitu ninachofanya bila kufikiria, kimegeuzwa kuwa hatari.

Hapo nikakumbuka bweni. Kila mtu aliyesoma bodingi Kenya anajua zile stori za baada ya taa kuzimwa. Ile ya mwanamke mrembo wa Mombasa mwenye kwato haikututisha hivyo, Mombasa ni mbali. Lakini kulikuwa na jamaa wa fomu tatu aliyekuwa anasimulia polepole, halafu anamalizia, "Na huyo kijana alikuwa analala kitanda cha tatu kutoka dirishani." Aliyelala kitanda cha tatu hakufumba macho tena. Alikuwa amenyang'anywa kitanda.

Ya mwisho ndiyo iliniumiza. "Teddy Perkins", ya Atlanta, Aprili 2018, imeandikwa na Donald Glover na kuongozwa na Hiro Murai. Atlanta ni komedi. Darius ndiye yule rafiki ambaye hakuna kitu humshtua, dunia ikigeuka chini juu atasema sawa. Anakodisha lori, anaenda kuchukua piano ya bure yenye vibonye vya rangi kwenye jumba moja kubwa. Mwenye nyumba ni Teddy, sura nyeupe kama nta, sauti laini, anakula yai la mbuni polepole mbele ya mgeni. FX waliionyesha bila matangazo ya biashara katikati, kwa hivyo huna hata pa kupumulia.

Kuna mahali Darius anapigia marafiki simu. Wako pamoja kwa gari, wanatania, wanacheka. Kile kicheko tulichozoea kwenye tamthilia hii bado kipo, lakini kiko upande ule mwingine wa simu. Darius ameachwa nje ya komedi yake mwenyewe.

Halafu Teddy anamwonyesha chumba alichotengea baba yake. Baba aliyewatesa watoto ili wawe wanamuziki wakubwa, na Teddy anaona hiyo ndiyo baba bora inafaa kuwa. Anaamini kitu kikubwa lazima kitoke kwa maumivu makubwa. Darius, hata akiwa amefungwa kwa kiti, anajaribu kumwambia kwamba si lazima, vingine hutoka kwa upendo. Haimsaidii. Mwisho kuna maiti, na piano inabaki.

Nilifunga laptop nikakaa kimya, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimesema uwongo kuhusu maumivu.

Sasa hiki ndicho nilichokuwa nawaficha. Wengi mnamjua Denno, yule mwanafunzi wa chuo ninayemwigiza, ambaye mdomo wake unamtoa kila mahali: kwa makanga, kwa landilodi, kwa lekchara. Episodi zaidi ya 40. Wakati naigiza nusu ya hizo, mimi sikuwa mwanafunzi. Niliacha chuo mwaka wa pili. Nilianguka masomo manne, nikaona aibu kurudi, nikaacha kwenda. Mathe hakujua. Kila Jumapili saa mbili usiku alikuwa anapiga, "Umekula? Masomo je?" Na mimi namwambia ni magumu, nateseka, nakesha na vitabu, lakini nitafika. Mateso yangu yalimfurahisha, kwa sababu kwake kuteseka ni dalili ya kusoma. Akatuma karo ya muhula mwingine. Ile karo ilikula renti na taa ya kurekodia.

Nikaamua episodi moja ya Denno isichekeshe. Denno ako kwa keja, Jumapili, simu inalia. Ni mamake.

"Umekula?"
"Nimekula."
"Sukuma?"
"Eeh, sukuma."
"Ile ya sufuria ya bluu?"

Denno anageuka polepole. Sufuria ya bluu iko pale.

"Mbona hujaiosha?"

Na anaendelea hivyo, na sauti ileile ya upendo, kila swali likikaribia. Denno anatoa uwongo wake wote mliouzoea, ule uliomtoa kwa landilodi, na mama anaupita kama hajausikia. Swali la mwisho ni, "Mbona hukuniambia?" Halafu hodi mlangoni. Basi. Hakuna shuka, hakuna unga.

Nilihitaji sauti ya mama. Nikamtumia mathe ile mistari kwa WhatsApp, nikamwambia ni mchezo tu, anirekodie. Alirekodi mitano ya kwanza akicheka, nyuma nasikia kuku. Wa sita ulikaa. Dakika kumi. Ishirini. Ulipokuja hakukuwa na kicheko. "Mbona hukuniambia." Bila alama ya kuuliza. Halafu simu ikalia, na haikuwa Jumapili.

"Hii ni mchezo ama ni wewe?"

Wasee, mimi ni mtu wa mdomo. Ndio unanilisha. Nilifungua, hakuna kitu kilitoka. Akangoja. Nikamwambia, "Ni mimi, mama."

Hakunipigia kelele. Akasema, "Ile karo ilikuwa ya ng'ombe," akakata.

Hapo ndipo nikaelewa raha ya zile episodi za kusimama peke yake. Zinaisha. Buffy anapata sauti yake, mji unaongea tena. Tunalipia hofu yenye mlango wa kutokea. Lakini zile nzuri zaidi hazikufungulii huo mlango kabisa. "Hush" inaisha watu wawili wamekaa chumbani, sauti imerudi, wameshasema ni lazima waongee, na hakuna anayejua aanzie wapi. Nilikuwa nimeicheki mara tatu bila kuelewa kwa nini wakatie hapo.

Nilimuuliza kwa meseji kama naweza kutumia sauti yake. Alijibu neno moja, "Tumia." Ndiyo video mliyoona mwezi uliopita. Haikuvunja intaneti, lakini hakuna aliyeuliza kuhusu renti ya jini. Mmoja wenu aliandika, "Nimempigia mamangu saa hii." Asante, wewe.

Kwa hivyo ukitaka kutengeneza episodi yako ya kutisha, anza na mtu ambaye watu wamemzoea, ujue ni nini humwokoa, ukiondoe, halafu uzime kamera kabla hajapata kingine. Kiumbe chako kikae nje ya mlango, kitafanya kazi vizuri zaidi huko. Na kama huna mtu waliyemzoea, tafuta kitu ambacho sisi watazamaji hufanya kila siku bila kufikiria, utuchukulie hicho.

Mathe hakupiga Jumapili tatu. Nilikuwa naweka simu mezani saa mbili kasoro, naiangalia kama wale malaika wa mawe. Ng'ombe nimeanza kumlipa kwa M-Pesa, kidogo kidogo, bado ni kama nimefikia kwato.

Jumapili ya nne ikalia. Akauliza kama nimekula.

Nikamwambia, "Bado."