Siku Tatu za Mwisho Nairobi

Ziara ya mafunzo huonekana ndefu inapoanza, na fupi mno inapokaribia kwisha. Sisi wakufunzi sita kutoka mkoani Simiyu, wawili wetu wakiwa wenyeji wa Binza, tulipita Lamadi, Bunda na Tarime hadi mpakani Sirari, tukaingia Kenya kutazama jinsi wenzetu wanavyofundisha hisabati katika shule za msingi. Siku za kwanza zilikwenda katika kukaribishwa na kupigwa picha, mambo ambayo kila msafiri anayafahamu. Tuwaeleze wanachuo wetu siku tatu za mwisho.

Kwanza yafaa ieleweke asili ya mbinu tuliyoifuata. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha ufundishaji wa hisabati na sayansi. Kutokana na mradi huo kikazaliwa kituo cha CEMASTEA kilichopo Karen, Nairobi, ambacho kimewapokea walimu wa nchi nyingi za Afrika. Mbinu yake yataka mwanafunzi atende na kujaribu, na zana zitokane na vitu vilivyopo. Mwalimu naye apange, atende, atazame, kisha aboreshe. Maneno hayo mwanachuo huyakariri kwa dakika mbili. Kuyaona darasani ni jambo jingine.

Tuliketi nyuma ya darasa la gredi ya 5. Ubaoni paliandikwa 1/2 + 1/3. Msichana mmoja akajibu 2/5, jibu ambalo kila mmoja wetu amekwisha kulikata kwa kalamu nyekundu mara nyingi zisizo na hesabu. Mwalimu hakusema ndiyo wala siyo. Alimpa ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 30, akamtaka apime nusu yake. Ikawa 15. Kisha apime 2/5. Ikawa 12. Somo liliendeshwa kwa Kiingereza, lakini mshangao humrudisha mtu kwenye lugha iliyo karibu naye. "Mwalimu, nimejumlisha na imepungua!" Darasa likacheka, naye akacheka, kisha akaishika rula tena. Theluthi ilikuwa 10. 15 na 10 ni 25. Na 25 katika 30 ni 5/6.

Baada ya kipindi walimu waliketi kulijadili somo, kama ilivyo desturi ya siku nyingi ya walimu wa Japani. Hakuna aliyemsifu mwalimu wala kumlaumu. Walizungumza juu ya ukanda: kwa nini 30, na si 20? Kwa sababu 30 hugawanyika kwa 2, kwa 3 na kwa 5 pasipo baki. Hilo ndilo andalio la somo kwa maana yake halisi.

Bishano lilizuka jioni ya siku ya pili. Mwenzetu mmoja, mkufunzi wa miaka mingi, alisema kuwa darasa lile lilikuwa na wanafunzi 40, ilhali yeye amekagua mazoezi ya kufundisha katika chumba chenye watoto 120 na rula saba. "Tutarudi na vyeti," alisema, "na watoto watabaki na 2/5 yao." Neno hilo lilituchoma, maana wanachuo wetu ndio watakaoufundisha mtaala ulioanza Januari 2024, na wataufundisha katika vyumba hivyohivyo. Tukakumbuka mabua ya mtama. Bua moja la sentimita 30 kwa watoto wanne ni mabua 30 tu. Mwalimu hupima moja kwa rula, mengine hukatwa na kutiwa alama kwa kulifuata hilo. Na kwa upande wa lugha tuna nafuu, kwani kwetu somo hufundishwa kwa Kiswahili tangu mwanzo. Mwenzetu akauliza: nani atavizungukia vikundi 30 kwa dakika 40? Tulipendekeza viongozi wa vikundi waandaliwe siku moja kabla. Hakuridhika, nasi hatukuwa na jibu bora zaidi.

Siku ya mwisho wengine walikwenda sokoni Gikomba, na si vibaya, mtu ana watoto nyumbani. Waliobaki waliandika andalio. Somo litafundishwa hapa Binza mbele ya wanachuo wa mwaka wa pili. Mwenzetu amekubali kuwa mtazamaji kwa sharti moja: atahesabu watoto ambao hawatalishika bua hata mara moja, na hesabu hiyo isomwe kwanza kabla ya mjadala kuanza. Mabua yamekwisha kukatwa.