Beseni la Ikweta

Nje kidogo ya mji wa Nanyuki, kwa ajaye kutoka Nairobi, barabara hukatiza mstari wa Ikweta. Hapana mto wala ukuta. Pana bango la manjano, vibanda vya vinyago na shanga, na vijana wenye jagi la maji, beseni lililotobolewa na vijiti vya kiberiti. Kutoka Mombasa ni takriban kilomita 680, nasi tuliugawa mwendo huo kwa siku mbili, kwa kuwa tulikuwa na watoto na mama mkwe.

Onyesho lenyewe ni fupi. Kijana hutembea hatua ishirini upande wa kaskazini, akamimina maji, akaelekeza kijiti juu yake, nacho kikazunguka upande mmoja. Kusini kikazunguka kinyume. Juu ya mstari, maji hushuka na kijiti kimetulia. Watu hupiga makofi, na apendaye hununua cheti cha kuthibitisha aliyoyaona.

Ni mchezo wa mkono, na mchezo mzuri. Ni kweli kuzunguka kwa dunia hupinda njia ya pepo, ndiyo maana vimbunga vya kusini na vya kaskazini huzunguka kinyume. Lakini nguvu hiyo hufifia kabisa Ikweta, na hatua ishirini hazibadilishi kitu. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani, Ascher Shapiro, alieleza jaribio lake: ilimlazimu kuyaacha maji yatulie siku nzima ndani ya tangi pana ndipo athari hiyo ionekane. Maji ya beseni hufuata namna yalivyomiminwa.

Binti yetu wa miaka kumi hakuhitaji mtaalamu. "Mbona ami aligeukia kulia kule, na huku akageukia kushoto?" aliuliza, wageni wengine wakisikia. Kumkanusha mtoto kungekuwa uongo. Kumwunga mkono pale pale kungekuwa kumfedhehesha mtu mbele ya riziki yake. Bibi yake akamshika mkono: "Tukifika garini, mjukuu wangu." Tukamlipa kijana ujira wake, maana alitufanyia kazi juani. Cheti hatukununua. Hatukuweza kubeba ushahidi wa jambo tusiloliona.

Garini tulimweleza yote, pamoja na maajabu ambayo hayahitaji beseni: kwamba hapo mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na wakati wa Magharibi husogea nusu saa tu hivi tangu Januari hadi Disemba. Tulipotandika mikeka kwa Adhuhuri, kaka yake alitaka kujua mbona kibla si kaskazini kamili kama nyumbani. Mombasa na Makka ziko karibu katika longitudo moja, nyuzi 39 na zaidi ya nusu mashariki. Si ajabu wazee wa pwani waliiita kaskazini "kibla". Nanyuki iko magharibi kidogo, basi huelekea kulia kwa nyuzi saba hivi.

Usiku, kwenye nyumba tuliyofikia, binti alijaza sinki mara nne. Mara tatu maji yalizunguka kulia, mara moja kushoto. Akasema asubuhi turudi akamweleze ami. Bibi yake akamwuliza, "Utamweleza mbele ya nani?"