Kondoo wa Udhia

Nilipokuwa mtoto Mweiga, tangazo lilikuwa kitu cha wageni. Kando ya barabara ya kutoka Nyeri kwenda Nyahururu kulisimama vibao vya Kiingereza vya kuwaelekeza watalii kwenye mbuga ya Aberdare na hoteli ya The Ark, kule msituni ambako watu hukesha wakingoja tembo waje kunywa maji. Sisi hatukuwa na kibao. Baba alipotaka kuuza kondoo alimfunga dume kamba shingoni, akamkokota hadi sokoni, akasimama. Broka alikuja, akapapasa mgongo, akataja bei, wakabishana kidogo kwa Kikuyu, mambo yakaisha. Baba hakuhitaji kujieleza. Mnunuzi alikuwa mtu wa kwao.

Mwaka 2000 Kameme FM ilianza kutangaza kwa Kikuyu, na kwa mara ya kwanza nikasikia sabuni na mbolea zikinadiwa kwa lugha ya mama. Baba aliongeza sauti matangazo yalipofika, akaipunguza wimbo ulipoanza. Nikajifunza jambo ambalo sikulielewa hadi baadaye: mtu husikiliza pale anapohisi ni yeye anayeambiwa.

Nyaya za intaneti za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa kupitia baharini mwaka 2009. Miaka miwili baadaye nikanunua simu ya Huawei Ideos, na mwaka 2013, kundi likiwa mikononi mwangu, nikaamua kuwauzia Waislamu kondoo wa Idd kupitia Facebook. Nililipia tangazo. Facebook ikaniuliza lionekane wapi na kwa watu wa umri gani. Nikachagua Nyeri, Nanyuki na Nairobi. Kiswahili changu kilikuwa cha kupata alama nzuri shuleni, basi nikaandika kwa kujiamini: KONDOO WA KAFARA, BEI NAFUU, MWEIGA. Nikaweka na picha ya dume wangu mnene.

Siku mbili hakuna aliyeuliza bei. Siku ya tatu simu ikalia. Alikuwa mzee wa Majengo, Nyeri mjini.

“Mwanangu, wewe ni mganga?”

“Hapana, mzee. Mimi ni mfugaji.”

“Basi nani kakufundisha kuuza kafara?”

Akanieleza polepole, bila hasira. Kafara ni kitu cha kuondolea balaa. Wengine hukiacha njia panda usiku na hakuna anayetaka kukigusa. Wao siku ya Idd wanachinja, wanakula, wanagawa. Kisha akaniuliza: “Na hao nyuma ya kondoo ni kina nani?” Nikaifungua picha na kuikuza. Nyuma ya dume wangu, wameegemeza pua kwenye ubao wa banda, walikuwa nguruwe wawili wa mama, wakitazama kamera kama waliopangwa kupigwa picha ya familia.

Mwaka uliofuata nilimpigia mapema, nikamwomba jina sahihi la mnyama huyo. Mtandao ulikuwa unakatika. Alisema “udhuhiya”, mimi nikasikia nilichosikia, nikaandika kwa herufi kubwa: KONDOO WA UDHIA WAPO. Haikupita saa moja akapiga, akicheka hadi kukohoa. “Penye udhia, penyeza rupia! Sasa niambie, rupia ngapi?”

Alikuja Mweiga mwenyewe kwa matatu. Nikampangia kondoo kumi na mmoja, wamesuguliwa wakang’aa. Hakuanza na mgongo kama mabroka wa baba. Alianza na masikio. Desturi yetu ilikuwa kukata kipande cha sikio kwa kisu, ili kondoo wakichanganyika malishoni kila mtu awajue wake. Alipita mmoja baada ya mwingine akitikisa kichwa, akachagua wawili tu, ambao niliwanunua kwa mfugaji mwingine wakiwa na hereni za plastiki. “Tundu si neno,” alisema. “Kipande kilichokatwa ndicho kasoro. Mnyama wa Mungu hatolewi pungufu.” Tisa wakarudi zizini. Wiki hiyo nilinunua hereni, na kisu kikabaki cha viazi.

Kabla ya kuondoka alimshika mmoja kichwani, akasema, “Huyu ukoo wake naujua.” Alikuwa Dorper, mwili mweupe na kichwa cheusi. Baadaye nilisoma kwamba aina hiyo ilizalishwa Afrika Kusini miaka ya 1930, kwa kuchanganya kondoo wa Dorset Horn wa Uingereza na wale wenye kichwa cheusi ambao asili yao ni Usomali. Kumbe nilikuwa na picha inayofahamika tangu zamani Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, ila nilimpiga kondoo picha ya ubavuni ili unene wake uonekane. Tangu hapo, tangazo la Idd huonyesha kichwa, masikio yote mawili na meno.

Nilijifunza na kalenda. Idd ya kuchinja hurudi nyuma takriban siku kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2013 iliangukia katikati ya Oktoba. Mwaka 2025 ikawa mwanzoni mwa Juni. Kwetu Mweiga, Oktoba mara nyingi majani yamekauka na kunenepesha ni gharama. Juni mvua za masika zimetoka kupita na malisho yapo. Anayetangaza tarehe zilezile kila mwaka hukuta wateja wameshachinja.

Mwaka 2020, wakati wa korona, safari za kuingia na kutoka Nairobi zilifungwa tangu Aprili, zikafunguliwa Julai, wiki tatu na kitu tu kabla ya Idd. Magari ya mizigo yalipita, watu hawakupita. Nikauza kwa video za WhatsApp: mkono mmoja umeshika simu, mwingine umefunua mdomo wa kondoo, mteja akihesabu meno ya mbele ajue kama umri umetimia.

Nikadhani wageni ndio wenye kazi, na Wakikuyu wenzangu nawajua. Ndipo akanipigia kijana aliyezaliwa Massachusetts, anayekuja nyumbani kuoa. Nilikuwa nimetangaza kwa Kikuyu kwamba nina mwati na harika, yaani kondoo jike na mbuzi jike ambao hawajawahi kuzaa, wanaopelekwa mwanzo wa ruracio, yaani utoaji wa mahari. Kwa mtu wa Mweiga maneno hayo mawili yanatosha. Yeye aliniuliza wana kilo ngapi. Usiku huohuo baba yake akapiga kutoka kulekule, hakutaja kilo hata moja. Aliuliza kama wamewahi kupandwa. Baba na mwana, jina moja la ukoo, matangazo mawili. Sasa mimi huandika la Kikuyu kwa wazee, na la Kiingereza lenye maelezo kwa vijana, nalo hulituma usiku wetu, wakati kwao ni mchana.

Simu imeniwezesha kumfikia kila mtu, lakini kujua la kumwambia nimefundishwa na watu waliokubali kunirekebisha. Ukitaka kuwauzia watu usiowajua, mtafute mmoja wao asome tangazo lako kabla hujalilipia, kisha mlipe kwa kazi hiyo.

Mzee wa Majengo alifariki. Binti yake ndiye anayenisomea matangazo ya Idd siku hizi. Malipo yake ni kondoo mmoja kila mwaka, masikio mazima.