Dagaa yupi?

Wadau, leo tuongelee dagaa. Ukiingia sokoni hapa Tukuyu ukasema "nipimie dagaa", mama muuzaji anakuuliza: wa Kyela au wa Mwanza? Wa Kyela ni usipa wa Ziwa Nyasa, huko bondeni tu. Wa Mwanza kasafiri kweli kweli. Kwa mapishi, jina hilo la mahali linatosha kabisa.

Kasheshe inaanza kwenye ripoti, pale mtu anapoandika "dagaa" tu, basi. Jamani, yupi? Wa Ziwa Victoria ni Rastrineobola argentea. Wakenya wanamwita omena, Waganda mukene. Wa Kigoma wako wawili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na hao ndio ndugu wa sadini wa baharini. Usipa wetu ni Engraulicypris sardella. Jina linamsingizia usadini, lakini kiukoo yuko karibu zaidi na mbasa!

Halafu wasomi nao wanapenda kufupisha. S. tanganicae, sawa. Ila shuka pwani: dagaa mchele ni Stolephorus, dagaa papa ni Sardinella. Wote "S."! Na ukifungua maandiko ya zamani utamkuta dagaa wa Victoria anaitwa E. argenteus, maana aliwahi kuwekwa jenasi moja na usipa. Asiyejua atadhani anasoma habari za Kyela, kumbe yuko Mwanza. Kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inashauri jambo rahisi tu: mara ya kwanza andika jina lote, ukifupisha weka nukta. Wangapi wanafuata?

Mnaweza kuona ni mambo ya maabara. Hapana. Uvuvi wa dagaa Victoria ni mkubwa kuliko wa usipa kwa mbali. Ukijumlisha wote kwenye safu moja ya "dagaa", usipa anaweza kupungua Nyasa na jumla ikaendelea kupanda. Mvuvi wa Matema anarudi na mtumbwi mtupu, karatasi inasema mambo safi. TAFIRI wana kituo Kyela, lakini takwimu zikishachanganywa huko juu, nani atazichambua tena?

Mimi kwenye habari zangu naandika usipa, na Kilatini kamili mara moja. Mhariri mmoja alilalamika kwamba jina ni refu kuliko samaki mwenyewe. Ni refu kweli. Nikaliacha.